Tarakimu Sita Mbele ya Ukoo

Baba alipofariki sikulia. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akisubiri nilie, maana hata mimi nilijisubiri nikachoka. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa Bakoba mjini, nikafunga kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi, nikapanda gari la Muleba, nikashuka Izigo, nikamkuta amekwisha kufunikwa shuka. Nikauliza cheti cha kifo kitachukuliwa wapi. Ndilo neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu. Shangazi alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu, na sikumlaumu.

Kazi yangu ni kompyuta na simu za watu. Nawafungulia barua pepe, nawajazia fomu za vyuo, nawaondolea virusi, na wakisahau namba zao za siri huja kwangu wamenuna kana kwamba mimi ndiye niliyezificha. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, nilikuwa nikiwafundisha kina mama wa usharika wetu namna ya kulinda simu zao. Usimsomee mtu namba inayoingia kwa ujumbe. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anatoka ofisi gani. Nilirudia mpaka wakawa wananitania sokoni: "Mwalimu, nyanya zako hizi, au nazo ni siri?"

Simu ya baba niliifunga kwa mikono yangu. Ile programu ya kutumiana ujumbe niliiwekea kufuli mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida: ukitaka kuifungua kwenye simu nyingine, namba hutumwa kwenye laini yako kwa ujumbe mfupi. Ya pili ni tarakimu sita unazochagua mwenyewe. Baba aliuliza kwa nini mlango mmoja hautoshi. Nikamwambia wezi wa siku hizi hawaji na panga. Alicheka, akanitajia tarakimu anazotaka, nikaziandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo. Mtu mwenye akili angeziandika mahali pengine, lakini nani angeiba kitabu cha nyimbo?

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikusanyika kumsimika mrithi. Kwetu jambo hili halifanyiki chumbani. Mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu wote, akapewa mkuki, akapewa muhoro, ule mundu wa kupogolea migomba, na kila kitu kikitajwa watu huitikia kwamba wameona. Kilichotolewa mbele ya mashahidi hakuna atakayekuja kukigombania. Mrithi alikuwa kaka yangu, anayefanya kazi Mwanza. Alikaa kitini akitoka jasho, koti la baba likimbana mabegani.

Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, anayekaa Kanazi. Alipomaliza mkuki na muhoro akaiinua simu.

"Na hii je? Nimesikia ina ufunguo."

"Ina namba ya siri, baba," nikasema.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha kitabu cha nyimbo. Akanipa nikisome, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu na miwani yake aliisahau Kanazi.

"Baba, hii haisomwi mbele za watu. Nitampa kaka pembeni."

Baba mkubwa hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Pembeni ndiko wezi wanakopeana vitu, bojo, mwanangu. Hapa mgeni ni nani?"

Niliwatazama. Walikuwa wamejaa uani mpaka kwenye migomba. Wengine siwajui hata kwa sura. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya, nimekifundisha kila Jumamosi. Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana, na sikuona kama kuna kitu chochote duniani chenye maana ya kubishaniwa. Nikazisoma. Moja moja, kwa sauti, na watu wakaitikia kwamba wamesikia. Binamu mmoja alikuwa akirekodi shughuli yote kwa simu yake, na jioni video ilikuwa kwenye kundi la ukoo, lenye watu mpaka Dar es Salaam na Uganda. Mganga hajigangi. Niliitazama mara moja. Sauti yangu ilisikika vizuri sana.

Ningeweza kuzibadilisha tarakimu zile usiku uleule. Ni kazi ya dakika mbili. Sikuzibadilisha. Kesho yake nilirudi Bakoba, kaka akarudi Mwanza, na simu akamwachia mama ili watu wa mbali wanaotoa pole wampate.

Baada ya majuma mawili baba aliandika kwenye kundi la ukoo. Picha yake ileile, ya kofia. Alisema yuko hospitali, amekwama, anaomba msaada wa haraka. Wengine walipiga kelele, wengine walicheka, mmoja akamjibu kwamba huko aliko hakuna hospitali. Mimi nilikuwa natoa kopi za vyeti vya mtu. Nikaacha mashine, nikaandika kwamba namba ya baba imeibwa, mtu asitume chochote, kisha nikaendelea na kopi.

Jioni nikampigia mama. Alieleza bila wasiwasi. Kijana mwenye heshima alipiga kwenye simu ya baba, akatoa pole, akasema anaandikisha namba ya marehemu kwa mrithi wake, na kwamba kuna namba itaingia amsomee. Iliingia, akamsomea.

"Mama, nimekwambia mara ngapi usimsomee mtu namba?"

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, hapendi kukosolewa na mtu aliyemfundisha kusoma.

"Wewe ulisoma," akasema. "Tena mbele ya watu wote. Nikadhani za marehemu zinasomwa."

Kufuli ya kwanza aliifungua yeye, ya pili niliifungua mimi, na video ipo, kwenye simu za watu nisiowajua. Nilimwambia amfungie mtu huyo asiweze kumwandikia, nikamweleza abonyeze wapi. Akasema sawa. Nikaenda kwenye ofisi ya mtandao wa simu kuuliza juu ya laini ya baba, wakaniambia nilete cheti cha kifo na barua ya mrithi. Nikasema nitaleta. Vilikaa kwenye droo yangu chini ya karatasi za rangi, na kila asubuhi niliitazama droo ile bila kuifungua.

Nilikuwa nikienda Izigo Jumamosi moja moja. Darasa la kina mama nililisimamisha, nikisema nina shughuli nyingi. Nilifika kwa mama, nikapiga dawa ya mchwa kwenye nguzo, nikakagua bati, nikahesabu magunia ya kahawa, nikaondoka na gari la saa tisa. Nilifanya yote yanayopaswa kufanywa. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, na tulizungumza kuhusu mvua.

Jambo moja tu ndilo lililonitia hofu, kwa kiasi ambacho hofu iliweza kunifikia. Mama alikuwa na simu yake mwenyewe, na kwenye simu hiyo zilikuwamo pesa zote za kahawa ya msimu. Ndizo za kuishi mwaka mzima. Kati ya pesa hizo na yule mtu kulikuwa na tarakimu nne zilizokaa kichwani mwa mama, basi. Nilijiambia kwamba alimfungia, kwa sababu alisema amemfungia.

Jumamosi moja, msimu wa pili wa mvua ulipoanza, nikamwomba simu yake niisafishe. Alikuwa jikoni. Nilikaa sebuleni kwenye kiti kisicho cha baba, nikafungua ujumbe wake, na wa juu kabisa ulikuwa wa baba. Kofia, tabasamu. Saa mbili zilizopita.

Nilipanda juu kutafuta mwanzo. Siku ya kwanza mtu yule alimwomba msaada kama alivyowaomba wengine. Mama hakumfungia. Alimjibu kwa sauti, maana kuandika kwenye kioo humchosha. Nikaibonyeza, nikaiweka sikioni.

"Wewe si yeye," alisema mama, taratibu, kama anayesahihisha daftari. "Yeye nilimwosha mwenyewe. Wewe ni nani?"

Mtu akaandika kwamba namba hii amepewa yeye sasa na kampuni, kwamba ujumbe ule wa msaada uliandikwa na rafiki yake mjinga, samahani mama, pole na msiba. Siku iliyofuata akaandika: "Mama umeamkaje? Umekula nini leo?"

Na mama akamwambia. Sauti yake kila siku, dakika moja, dakika tatu. Leo amekula ndizi na maharage. Leo amemenya ndizi nyingi tena, mkono haujazoea kumenya za mtu mmoja, zimebaki. Leo hakupika. Leo alisikia mtu anakohoa kibanjani, kwenye migomba, akatoka, kumbe ni jirani. Leo padri wa upande wa pili alipita akamsalimia, ingawa sisi si wa kanisa lake. Alimwita mwanangu. Alimwambia ana binti mjini, hodari sana, anayekuja kukagua bati.

Kijana alijibu kila siku. Maneno machache, lakini kila siku. Pole mama. Usikae na njaa mama. Kisha, katikati, akaomba picha ya kitambulisho chake ili namba ikae vizuri, na mama akaituma, pande zote mbili. Na ujumbe wa mwisho, wa saa mbili zilizopita, ulisema: "Mama kesho baada ya ibada nitakuomba zile namba zako nne tumalize kabisa."

Nilimwita. Akaja akifuta mikono kwenye kitenge, akaona nilichoshika, akakaa.

"Umempa zile nne?"

"Amesema kesho."

"Mama, huyu ni mwizi. Ni yuleyule. Hakuna rafiki mjinga, hakuna kampuni."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza anajua nini.

"Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano," akasema. "Nitashindwa kumjua mwongo? Anadanganya kama wa darasa la nne, anakusifu kwanza."

"Ungempa?"

Alitazama mlangoni, mvua ilikuwa imeanza. Nilitaka aseme hapana, aseme alikuwa anamchezea, tucheke, niende kupanda gari.

"Sijui," akasema. "Ningekataa, asingeniuliza tena nimeamkaje."

Nikafanya kazi yangu. Nilibadilisha zile tarakimu nne, nikamwambia achague mpya na asinitajie hata mimi. Nikamfungia yule mtu. Nikaitoa laini ya baba kwenye simu yake ya zamani, nikaiweka kwenye yangu, nikaomba namba ya ujumbe, ikaingia, na mara hiyo yule kijana akatupwa nje. Tarakimu sita alikwisha kuzibadilisha, kwa hiyo ingenibidi kusubiri siku kadhaa kabla sijaingia, lakini naye hakuweza kurudi. Nikaandika kwenye karatasi mambo ya kufanya Jumatatu: polisi, watu wa kitambulisho, ofisi ya mtandao pamoja na cheti. Mikono yangu ilifanya kazi upesi na vizuri. Kama ningekuwa nafundisha, kina mama wangepiga makofi.

Mama alinitazama muda wote. Nilipomrudishia simu akaishika kwa mikono miwili.

"Zile sauti zangu zimefutika?"

"Zako zipo hapo. Lakini hazitamfikia mtu."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Jikoni palikuwa na harufu ya kuungua, na hakuna kati yetu aliyeinuka. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona kwamba gauni lilikuwa limemzidi, kwamba mifupa ya shingo imetokeza, kwamba mama yangu amekonda na mimi nimekuwa nikija kutazama bati. Nikasema kitu pekee kilichonijia.

"Mama, leo umekula nini?"

Aliiweka simu mezani, akavua miwani, akaikunja.

"Usiniulize hivyo," akasema. "Maneno hayo umeyasoma kwake."