Mashine Mbili za Kuvulia na Mkono wa Baba Neema

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, hamjambo? Nina swali la haraka.

Leo mume wangu, Baba Neema, alikwenda na kaka yangu mtoni Kahe kulinganisha mashine zao za kuvulia, zile za kuzungusha uzi. Nami niliwafuata, nikawa pembeni namenya ndizi.

"Shemeji, yako inakoroma kama ng'ombe mgonjwa," kaka akamwambia. "Hebu shika yangu, uone breki inavyouzuia uzi."

Akashika, akatupa ndoano. Kambale akanasa.

Sasa Baba Neema kazoea kuvua kwa mkono, bila mashine. Kwa mazoea akauzungusha uzi kiganjani!

Ghafla maji yakapasuka. Mamba kamdaka yule kambale.

Mashine haikuachia uzi hata kidogo. Mume wangu anaburutwa, kiganja kinavuja damu, miguu imeshaingia majini.

"Achia, shemeji!"

"Siwezi, mkono umenaswa!"

Yesu na Maria! Nikakimbia na kisu changu cha ndizi, nikakata uzi.

Tukakaa kwenye matope.

Kisha kaka akasema, "Lakini si mmeona breki inavyoshika?"

Jamani, wanataka kurudi kesho. Mnaojua uvuvi, mashine ipi inaachia upesi? Nijibuni leo leo, tafadhali.