Kona ya Ubao Isiyofutwa

Shangazi yangu hufanya usafi katika kituo cha utafiti cha chuo kikuu. Maprofesa wa pale hupanga sera za dunia ya miaka mia ijayo, naye hufuta ubao wao kila jioni, ila palipoandikwa "Usifute" hagusi ng'o.

Kona moja ilikuwa na namba sita zenye onyo hilo. Kwa miaka miwili wasomi wale waliandika kwa kujibanabana pembeni yake, kila mmoja akidhani ni hesabu za mwenzake. Juzi mkurugenzi mpya akauliza ni za nani. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Zangu, Profesa," shangazi akasema, ndoo mkononi. "Ni vipimo vya madirisha. Mlisema suala la mapazia mtalijadili kikao kijacho."