Konokono wa Sanduku la Zuhura

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, halafu mnisikilize. Sikuota, sikunywa kitu, na macho yangu ni mazima. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Nyaishozi, miaka ile ya Wadachi, nilipokuwa na duka la nguo na chumvi.

Mke wangu Zuhura nilimtoa Tabora. Uani kwa baba yake kulikuwa na birika lenye mayungiyungi na samaki wadogo, na huku Karagwe alililia birika hilo kuliko alivyomlilia baba mwenyewe. Basi nikachukua sanduku la kioo la kuwekea halua dukani, nikaziba maungio kwa sandarusi, nikatia mchanga, maji, majani ya mtoni na visamaki vichache. Zuhura akafurahi, akaacha kutaja kwao. Kisha wakaja konokono.

Jamani, konokono! Wadogo, weusi, na walafi ajabu. Walikula majani yakabaki vijiti, maji yakawa ute mtupu. Niliwatoa kwa mkono. Nilitega jani la mchicha jioni, asubuhi nikalitoa limejaa konokono, na kesho yake wapo tena. Kila jani jipya nililichovya kwenye maji ya chumvi na kulifuta upande wa chini, maana mayai yao hushika huko. Chumvi, huku Karagwe ilikokuwa ghali! Watu walisema nimerukwa na akili. Zuhura akaniambia, "Bwana, hawa wakishinda, mimi narudi kwetu." Na Zuhura akisema, amesema.

Majani aliniletea bibi mmoja mwenye vazi la gome la mti, kutoka upande wa mto Kagera. Alikuja jua likielekea kuchwa, pindo la nguo limelowa hata wakati wa kiangazi. Nikimwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba, alitabasamu tu. Mimi wazee wangu ni wa pwani, lakini adabu za Wanyambo, wenyeji wa huku, nilizijua na nilijivunia kuzijua. Mgeni unampa kikapu cha akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Unatafuna wewe kwanza, aone hakuna sumu, kisha naye anatafuna. Mimi nilitafuna. Yeye alizifumbata zake kiganjani, akaenda kuyapanda majani sandukuni kwa mkono wake mwenyewe. Sasa niambieni, nani angemchunguza bibi mzima kama kahawa yake ameitafuna?

Siku moja nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya sanduku nikisaka konokono, naye akatumbukiza mkono kwa upande wake. Niliona yote kupitia kioo. Kiganja kikafunguka ndani ya maji, buni zikateremka mchangani. Zikatulia kidogo. Kisha moja ikatoa pembe mbili, ikaanza kutembea. Wallahi ilitembea! Buni niliyoianika mimi mwenyewe juani!

Hasira ilitangulia hofu.

"Bibi! Muda wote huu nahangaika, kumbe ni wewe?"

"Waitu, bwana wangu, si wewe uliyenipa?" akasema. "Mimi sina meno ya kutafunia."

Akafungua mdomo nione. Hamkuwa na meno wala ulimi. Mlikuwa na maji, yamejaa hadi kwenye midomo, na hayakumwagika.

"Toka kwangu! Na kahawa yangu sikupi tena!"

"Basi nakurudishia." Akazidondosha kikapuni buni zilizobaki mkononi, akatoka. Nilipofika mlangoni, njia ilikuwa tupu, migomba huku na huku. Matone ya maji yalifika katikati ya njia, yakaishia hapo.

Nikamweleza Zuhura. Mnadhani aliniamini? "Umeshindwa na konokono, sasa unamsingizia bibi wa watu." Msafara wa Tabora ulipopita, akafunga mizigo yake. Nilimpenda mke wangu, nawaambia wazi, na nilisimama mlangoni kama gogo. Alipokwenda nikamwaga maji yote, nikalianika sanduku. Konokono kwisha. Nikaanza kujiandaa kumfuata.

Kabla sijaondoka, akaja mpagazi kutoka Tabora.

"Mkeo anasema usithubutu kwenda."

"Kwa nini?"

"Birika la baba yake limejaa konokono, mayungiyungi yote yameliwa. Anasema ni wewe uliyemtumia konokono hao, kwa kinyongo."

Nikamuuliza mpagazi, Zuhura alifika na nini kutoka kwangu?

"Nguo zake tu, na zawadi ya mama yake, kahawa aliyojichotea kikapuni mwenu. Mama mtu ni mzee, meno hana. Akawamwagia samaki."

Kikapu nilikichoma moto siku ile ile, lakini kilisaidia nini? Nimetuma watu kwenda kumweleza, nimetuma hadi nimechoka, na kila anayerudi anarudi na jibu lile lile. Wewe unayenisikia, mgeni akipokea kahawa yako, mtazame mpaka atafune. Asipotafuna, mwombe akurudishie kabla hajakaribia maji, hata akikuona huna adabu. Mimi niliogopa kuonekana sina adabu, na Zuhura yuko Tabora mpaka leo.