Koti la Baba na Nyani wa Soksi

Wiki iliyopita kaka yangu mdogo aliandika kwenye kundi letu la familia kwenye simu: je, tunakikumbuka kile kipindi cha watoto cha wanyama wa kitambaa? Wakamiminika binamu zangu wote, watu wazima wenye wajukuu, wakilia naye kwa furaha. Ati televisheni ya siku hizi haina mafunzo. Ati yule nyani ndiye aliyewalea. Nilizima simu nikaenda kuosha vyombo.

Mafunzo gani? Ndovu alikuwa blanketi la kijivu. Simba alipoteza jicho moja na hakuna aliyejishughulisha kumshonea jingine. Na huyo nyani aliyewalea alikuwa soksi. Akifungua mdomo, unaona vidole vya mtu ndani. Kila jioni aliimba kwa Kiingereza cha shule za bweni kwamba tugawane chakula na marafiki. Nasi watoto wa Voi, ambao ndovu halisi walikuwa wakituvunjia ua, tulibanana sakafuni kwa mwalimu jirani, televisheni yake ikitumia betri ya gari, tukalipigia makofi blanketi.

Shamba letu lilikuwa upande wa Ndara, na nyani wa huko hawakuhitaji wimbo ili wagawane chakula chetu. Baba alifanya kazi Mombasa, akija mwisho wa mwezi. Mama na mimi ndio tuliolinda. Kwetu kila mtu anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Piga kelele mpaka koo likauke, anakutazama tu huku akimenya hindi. Kwa hivyo mwanamke anayelinda huvaa nguo za mwanamume. Sisi tulikuwa na koti kuukuu la baba na kofia yake. Msimu ule mvua ilikuwa haba, na mahindi yale ndiyo yangetulisha mwaka mzima. Mama alinieleza hilo vizuri, akaniachia zamu, akaenda kuteka maji.

Saa ya kipindi ilipokaribia, nikavua koti, nikalitundika kwenye vijiti viwili nilivyovifunga msalaba, kofia juu, nikakimbia kwa mwalimu. Nilijiona mjanja sana. Kama soksi inaweza kuwa nyani, kwa nini koti lisiwe baba?

Nyani si wapumbavu kama watoto. Koti tupu walilijua mara moja. Niliporudi, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha, na dume moja lilikuwa limekalia koti kama mgeni kwenye mkeka. Mama alikuwa amesimama pembeni, ndoo bado iko kichwani.

Nilingoja kichapo. Hakunichapa. Kesho yake alilifua koti, akalishona bega, na jioni akalivaa mwenyewe kulinda yaliyobaki. Alikuwa na mimba ya miezi saba, vifungo havikufika. Nikamwomba anipe koti nilinde mimi. Akalitazama jua, akaona saa ya kipindi imewadia.

"Nenda, mama, katazame nyani wako," akaniambia. "Hawa niachie mimi."

Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku, na kaka yangu, huyu anayelia kwa furaha leo, alikuwa akilia kwa njaa. Sasa anataka kujua kama ninakumbuka. Ninakumbuka. Nilikwenda, nikakaa mbele kabisa, na soksi ilipoimba, nikapiga makofi.