Siku Tatu za Kufunga kwa Ajili ya Kura ya Yaya

Ijumaa, tarehe 8 Mei 2015. Asubuhi baridi kidogo hapa Queensburgh, Durban, halafu jua bila wingu hata moja.

Ilikuwa siku yetu ya tatu ya kufunga. Yaya, dada yangu mkubwa aliye Uingereza, aliomba nyumba yetu isile tangu asubuhi hadi jioni, kwa ombi ambalo hakulitaja. Kwetu ombi kama hilo haliulizwi. Mkubwa akisema mfunge, mnafunga. Sababu ataitoa siku ya kushukuru. Mimi nilidhani naijua. Mwaka jana binti yangu alinyimwa viza ya kwenda kwake, na Yaya alikuwa ameahidi barua mpya ya mwaliko. Tena mwezi wa nne, wageni walipopigwa hapa Durban nasi, wageni pia, tukalala kanisani, ni yeye aliyelia kwenye simu: "Mtoto huyo munipe, atoke huko!"

Nikaenda saluni mjini, nikasuka watu wawili na njaa yangu, moyo mwepesi.

Saa kumi na mbili jioni Yaya akapiga. Simu tuliiweka mezani, sauti juu, tukapiga magoti: mume wangu, binti, mimi. Yaya akaomba. Akamshukuru Mungu kwa uchaguzi wa jana, kwa kura nyingi za chama chake, hata kama kimepata kiti kimoja tu. Tukajibu Amina. Mume wangu akafungua jicho moja.

"Yaya, chama gani?"

Akakitaja. Ni kile ambacho mkubwa wake yuko kwenye habari kila siku akisema wageni wamezidi, kile kilichowashinda wote mwaka jana kwenye kura za bunge la Ulaya.

"Shemeji, usininunie bure," Yaya akasema. "Wale wa Ulaya wanaingia tu, viza hawaombi. Kule ninakotunza wazee, saa zangu zimepunguzwa. Wakizuiwa wale, nafasi ya watu wetu itakuwa iko."

"Eish!" mume wangu akasema. "Kumbe sisi tumepiga kura Uingereza bila viza."

Yaya akacheka. Na mimi nilicheka, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha nikauliza kuhusu barua ya mwaliko.

"Sijaituma. Nilingoja matokeo kwanza. Sasa tungojee kidogo tena, hadi uchaguzi ujao, miaka mitano si mingi."

Binti ana miaka kumi na saba. Alisimama, akaenda jikoni.

"Lakini Yaya," nikasema, "mtoto huyu naye ni mgeni kwao."

"Huyu si mgeni. Huyu ni wangu."

Nikamuaga, nikakata simu. Mkubwa hajibiwi, na shule yangu iliishia darasa la sita. Labda namwonea. Hakumtakia mtu kipigo, na saa zake kweli zimepunguzwa. Mimi mwenyewe niliwasema vibaya wasusi wapya waliokaa karibu na saluni yetu, kwamba wanaharibu bei. Ila wale waliotukimbiza mwezi uliopita walianza na maneno hayo hayo, kwamba tumezidi. Yaya alijua. Ni mimi niliyemsimulia.

Siku tatu mtoto wangu ameenda shule bila chai, akiwaombea ushindi watu wasiomtaka.

Tulifungua kwa ugali, sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki wa kopo. Binti hakuja mezani. Nilimpelekea sahani, alikula samaki, sombe akaiacha.