Kaburi la Babu Aliyeko Safarini

Nimefundisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa miaka zaidi ya thelathini, Musoma mjini na vijijini, na sababu zake naweza kukutajia nikiwa nusu usingizini. Nani alivamia wapi, mkataba upi ulivunjwa, makoloni yalitoa nini. Ukiniuliza babu yangu mzaa baba alifia wapi katika vita hivyo hivyo, sijui. Hilo linanikera, na tangu nistaafu linanikera kila siku.

Nyumbani kwetu Butiama babu hakuwahi kutajwa kama marehemu. Waingereza walimchukua, akaenda vitani, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Kwa ukoo wetu mtu wa namna hiyo yuko safarini. Bibi hakunyolewa nywele kama mjane wala hakurithiwa. Alikaa mke wa mtu aliyesafiri mpaka akafa mzee kabisa. Mimi nikiwa mdogo niliamini babu yuko Mombasa anafanya kazi, na kwamba iko siku atatuletea baiskeli.

Aliyebaki katika watoto wake ni shangazi yangu mmoja, ambaye baba yake alimwacha akitambaa. Sasa macho yamefifia na miguu haimtii. Mwaka jana aliniita kutoka Kigera, pale Musoma ninakoishi, akaniambia anataka baba yake achimbiwe kaburi. Alilisema kama mtu anayeagiza sukari. "Nataka kunyoa kwa ajili ya baba yangu," alisema, "kabla hamjanyoa kwa ajili yangu."

Kwetu kaburi la mtu aliyefia mbali si jambo gumu. Mgomba unalazwa mahali pa mwili, watu wanalia, wananyoa, mambo yanaisha. Kigumu ni ruhusa. Wazee wa ukoo walikataa katakata. Kumzika mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa ni kumlaani, walisema, na laana yake inarudi kwa watoto. Nikawaambia mtu huyo kama angekuwa hai angekuwa na zaidi ya miaka mia. Wakaniambia hesabu si ushahidi. Wanataka aliyeona, au aliyesikia kutoka kinywani mwa aliyeona. Nilirudi Musoma nikiwa nimefura, nikijiuliza hawa ndugu zangu wanaishi karne ipi.

Nikajaribu njia ya msomi. Nilikwenda ofisi moja ya serikali, nikatumwa nyingine, na huko kijana mmoja mpole sana alinitaka nilete cheti cha kifo ili aweze kunisaidia kutafuta taarifa za kifo. Nilimweleza mara mbili kosa lililomo katika maneno hayo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akarudia.

Niliporudi Butiama kumpa shangazi majibu hayo, nilimuuliza kama baba yake alikuwa na alama yoyote. Akasema mama yake alimsimulia kwamba jino lake la mbele lilivunjika nusu, alipigwa teke na ndama akiwa kijana. Jino hilo nilikuwa nimelisikia.

Nikiwa kidato cha nne nilipanga chumba Manyamanyama, pale Bunda, kwa mzee mmoja mkulima wa pamba. Jioni moja nilikuwa uani nasoma Historia, mtihani umekaribia, naye akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia vita. Akavuta kigoda, akauliza kwetu ni wapi, nikasema Butiama. Akafurahi. Akasema yeye alipelekwa Burma, na huko walikuwa na mtu wa Butiama, jina hakulijua, wao walimwita Ndama kwa sababu ya jino lake. Akaanza kunieleza walivyovuka mto, yeye na Ndama wamefungana kwa kamba moja. "Tulipofikaga ng'ambo," akasema, "huyo mtu wa kwenu akakaa chini..."

Hapo nikamkatiza. Nilimwambia kwamba vita vilianza Ulaya, kwamba Burma ilikuwa upande wa Wajapani, na kwamba swali kwenye mtihani huwa ni la Ulaya. Nilimwonyesha na ukurasa.

Aliutazama ukurasa, na kusoma hakujua. "Basi soma, mjukuu wangu," akasema. "Wewe unajua. Mimi nilikuwaga huko tu." Akachukua kigoda chake akaingia ndani, na mpaka nahama pale hakunisimulia tena. Mimi nilishukuru kupata utulivu.

Kesho yake baada ya kuongea na shangazi nilikwenda Manyamanyama. Mzee alikwishafariki siku nyingi. Binti yake nilimkuta, mtu mzima sasa, akaniambia baba yao hakuwahi kuwasimulia vita, alikuwa akisema wasomi wanavijua zaidi. Sikumwambia kauli hiyo ilitoka wapi.

Basi niliomba kikao. Wazee wanne walikuja uani kwa shangazi, wakakalia viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mmoja akafungua kwa kusema babu alikwenda kupigana na Mjerumani, nami mdomo ukanitangulia: si Mjerumani, Mjapani. Shangazi akageuza uso upande wangu, na nilitamani nijikate ulimi.

Niliwaeleza yote, jino, jina la Ndama, mto, kamba. Walisikiliza vizuri, nikaona mmoja anatikisa kichwa kukubali. Kisha mkubwa wao akauliza hilo moja tu lililobaki: yule mzee alisema alimwona akifa? Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na sijui hadi leo kama kulimeza ulikuwa uaminifu au ule ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe sahihi. Nilisema hakufika hapo, nilimkatiza.

"Basi maneno yako yamemvusha mto," akasema. "Ng'ambo alikaa chini. Na sisi hatuwezi kumzika mtu aliyekaa."

Waliondoka bila ugomvi. Nilibaki nikiwalaumu kwa sauti, ukaidi wao, mila zao, na Waingereza waliojua kuchukua watu bila kujua kuleta habari. Shangazi aliniacha niongee mpaka nikachoka. Halafu akauliza kwa upole siku ile kwa yule mzee nilikuwa na haraka ya wapi.

Nikamwambia nilikuwa na mtihani.

"Ulifaulu?"

Nikamwambia nilifaulu.