Kumi na Mbili za Kimya

Nikifungua kasha la filimbi yangu, harufu ya kwanza kunijia ni ya chuma kilicholowa mate. Si harufu ya kujisifia, najua, lakini inanirudisha moja kwa moja kwenye ukumbi wa parokia, Tabora mjini, nikiwa na miaka kumi na tatu, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana.

Filimbi hiyo ilikuwa ya Sista Amparo, Mhispania aliyetufundisha muziki. Mwaka ule alikuwa anarudi kwao asije tena, akatuambia mimi na mwenzangu Anastazia kwamba ataiacha kwa yule atakayepiga vizuri zaidi siku ya kumuaga. Anastazia akachagua wimbo wa kanisani. Mimi, kwa kiburi nilichozaliwa nacho, nikachagua kipande cha mtunzi mmoja wa siku hizi wa huko kwao Sista, ambacho nusu yake si wimbo hata kidogo: unapuliza pumzi tupu, unagongagonga vitufe, unanong'ona ndani ya bomba. Kaka zangu walisema nafukuza kuku. Katikati kulikuwa na kimya kirefu.

"Hapo hesabu mpaka kumi na mbili, wala usitikisike," Sista alinionya. "Hapo ndipo nitakapokupima."

Siku yenyewe Bibi alikuja kutoka Kwihara na wanawake wenzake wa kikundi cha kulima, wakajaa benchi la mbele. Hawa walikuwa wamelima maisha yao yote kwa nyimbo. Mmoja anaanzisha, safu nzima inaitikia, na mwanzishaji akiishiwa pumzi au akisahau maneno, wenzake wanampokea mpaka akae sawa. Kumwacha asimame kimya ni kumwaibisha.

Nilipiga vizuri, nalisema bila haya. Nikafika kwenye kimya, nikashusha filimbi, nikaanza kuhesabu. Kwenye tano nilimwona Bibi anahangaika, anawatazama wenzake. Kwenye saba akasimama.

"Eeeh! Twende, mama, twende!" akaanza kupiga makofi. Benchi zima likampokea, na vigelegele juu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimalizia kwa hasira, machozi yananidondokea vidoleni, na tulipotoka nje nikamvaa Bibi mbele ya wenzake.

"Umeniharibia, Bibi! Filimbi ataipata Anastazia!"

Bibi alishangaa kweli. "Sasa mjukuu wangu, nikuone umekwama mbele za watu, nami mdomo ninao, ninyamaze?"

Jioni ileile Sista alinikabidhi filimbi. Nilipoanza kumwombea radhi Bibi kwa zile kelele, Sista alicheka.

"Uliendelea kuhesabu mpaka kumi na mbili. Nilikuwa naitazama midomo yako."

Basi nikaenda nyumbani nikiringa, na Bibi sikumwomba radhi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo nimekipiga kipande kile kwenye kumbi nyingi, mbele ya wasikilizaji wastaarabu sana. Nikifika kwenye kimya, hakuna anayekohoa. Wananiacha peke yangu, na ni pale tu nilipoanza kuachwa hivyo ndipo nilipoelewa Bibi alikuwa amenipa nini.

Bibi amelala kaburini Kwihara sasa. Karatasi ya muziki inasema kumi na mbili. Mimi huhesabu mpaka kumi na tano, nikimpa nafasi.